Sura ya Sita: Deni la Jembe

Mwezi wa Machi, mvua zikiwa hazijakatika, barabara ya lami inayotoka Tunduma ikishapita Laela inaingia nyanda za wazi zenye miti michache, na huku na huku mashamba yamejaa matuta ya mviringo. Hizo ndizo intumba. Kila moja imetengenezwa kwa jembe la mkono. Mkulima anakata bonge la udongo pamoja na majani yake, analipindua majani yakiwa ndani, analipandisha juu ya jingine, anazunguka hivyo hivyo mpaka tuta linamfika mapajani. Majani yaliyofukiwa yanaoza na kuwa mbolea. Juu yake hupandwa maharage. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, matuta yanabomolewa, udongo unatawanywa, ulezi unamwagwa. Kwa ufundi huo Wafipa, wenyeji wa nyanda hizi, waliishi kwa kilimo katika nchi ambayo misitu yake ilipungua zamani sana, wakati majirani zao wa kusini, upande wa Zambia ya leo, walitegemea kukata matawi na kuyachoma ili wapate majivu ya kurutubisha mashamba.

Kazi hii haingoji mtu. Udongo uwe bado na maji, majani yawe yamekua vya kutosha lakini hayajakauka. Zikipita wiki hizo chache, ardhi inakuwa ngumu na jembe linaruka. Mtu mmoja na mkewe hawamalizi shamba la maana katika muda huo, hata wawe hodari namna gani. Ndiyo maana tangu zamani watu walialikana. Mwenye shamba alipika pombe ya ulezi, ile kimpumu inayonyonywa kwa mrija, akatangaza siku yake, na majirani wakaja asubuhi na majembe begani. Wakalima mpaka jua likapanda, wakala, wakanywa. Hakuna aliyelipwa hata senti. Ila kila aliyekuja alijua, na mwenye shamba alijua zaidi, kwamba jembe lile limekopeshwa. Siku ya jirani ikifika, na yeye ataonekana.

Naanzia shambani kwa sababu siamini kama mitaa ya zamani ya mji wa Sumbawanga inaweza kueleweka bila shamba. Tunapozungumza habari za kujitolea, wengi wetu siku hizi tunafikiria mtu mwenye moyo mwema anayetoa muda wake kwa wasiojiweza, kisha anaondoka zake. Ufipa imejengwa kwa kitu kingine. Kujitolea hapa ni deni linalozunguka, hulipwa kwa kazi, na nguvu yake yote iko katika kukumbukwa: nani alikuja, alileta nini, alikaa mpaka saa ngapi.

Desturi hiyo ina mizizi mirefu. Mwaka 1880 mvumbuzi wa Kiskochi, Joseph Thomson, alipita nchi hii akaonana na mtawala aliyeitwa Kapufi; alichokisifu zaidi kwa watu aliowakuta ni bidii yao ya kulima na utulivu wao. Miaka 80 hivi baadaye akaja mwanaanthropolojia Roy Willis, na katika maandishi yake anaeleza vijiji vikubwa, nyumba zimebanana, ambamo mtu hupata heshima kwa maneno yake mazuri, kwa kupokea wageni na kwa kushirikiana kazi, kuliko kwa ubabe. Na kabla ya wote hao kulikuwa na chuma. Mwanaakiolojia wetu, Profesa Bertram Mapunda, alitumia miaka mingi kuchunguza mabaki ya tanuri za Ufipa. Malungu, zile tanuri ndefu kupita kimo cha mtu, zilivuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kuiwasha moja tu kulitaka watu wa kuchimba mawe ya chuma, wa kukata miti na kuchoma mkaa, wa kuutengeneza udongo na kuusimamisha ukuta, na wengine wa kupika chakula cha hao wote. Fundi alikuwa mwenye elimu na dawa zake, lakini bila mikono ya wengine elimu hiyo haikutoa hata jembe moja.

Mji wenyewe ni mdogo kwa umri kuliko desturi hizi. Wajerumani waliweka boma lao Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg. Waingereza wakapanda nyandani, na Sumbawanga ikawa makao ya wilaya ya Ufipa. Mwaka 1974 ulipoundwa mkoa wa Rukwa, ikawa makao makuu ya mkoa, na kutoka hapo wakaja makarani, walimu, manesi, askari, wafanyabiashara wa nguo na wa mahindi, kutoka kila pembe ya nchi. Sensa ya mwaka 2012, Katavi ikiwa imekwisha kutengwa na kuwa mkoa wake, ilihesabu watu milioni 1 na kidogo katika mkoa. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 1.5. Ukipita leo Katandala, Izia, Chanji au Mazwi, utaona nyumba za matofali ya kuchoma zilizokaa miaka mingi, bati zimeshika kutu, nyuma yake kuna mahindi na maboga, na mkokoteni wa ng'ombe unapita barabara moja na bajaji. Ni mji, lakini jembe bado limeegemezwa nyuma ya mlango.

Mahali deni la jembe linapoonekana wazi katika mitaa hii ni msibani.

Tuchukue msiba wa mwezi wa Juni. Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Juni usiku baridi inauma kwelikweli. Habari inatoka nyumba hadi nyumba kabla hata simu hazijapigwa. Jua halijachomoza, vijana wameshakokota magogo na kuwasha moto mkubwa uani; wazee wanauzunguka wakiwa wamejifunga mablanketi juu ya makoti. Turubai linafungwa kwenye mwembe au kwenye nguzo zilizoazimwa. Akina mama wanaingia na sufuria za mtaa, zile kubwa za kupikia ugali wa watu mia, ambazo kila moja imepigwa alama ya rangi chini ya kitako ili isipotee. Zinatunzwa na mama mmoja anayeaminika. Zikitoka kwake zinahesabiwa, zikirudi zinahesabiwa, na ukipungua hata mwiko mmoja maneno yatakuwepo. Mfiwa hagusi kitu. Akijaribu kuinuka achote maji, mtu anamwondolea ndoo mkononi: «Mama, kaa. Sisi tupo.»

Makaburini kuna kundi jingine. Wanashuka wawili wawili, mmoja na sururu, mwingine na koleo, wengine wamesimama juu wakingoja zamu. Hapo ndipo kijana anapofahamika katika mtaa wake. Unaweza ukawa na shahada, ukawa na duka, ukawa na gari. Wazee watauliza, siku tunamzika mzee fulani wewe ulishuka?

Na pembeni ya turubai kuna meza ndogo, na juu yake daftari. Anakaa mtu mwenye mwandiko mzuri, mara nyingi mwalimu au karani mstaafu. Anaandika jina, nyumba, na kilicholetwa: elfu mbili, elfu moja, debe la mahindi, kuni mzigo mmoja, sabuni, sukari. Mazishi yakiisha, daftari hukabidhiwa familia. Nimewahi kuonyeshwa moja lililokuwa limetunzwa kabatini miaka mingi pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya kiwanja, mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi mweusi. Mwenye nyumba aliniambia hulifungua kila msiba unapotokea mtaani. Anatafuta jina la waliofiwa, anaangalia walileta nini siku yake, kisha ndipo anapoingiza mkono mfukoni. Aliyeleta debe harudishiwi kisado.

Wapo watakaosema hii ni biashara, si upendo. Sikubaliani nao. Debe lililoandikwa linaheshimu aliyelitoa, na linamlinda aliyelipokea asije akajiona ombaomba. Mjane anayepokea mahindi ya majirani zake hapokei sadaka. Anapokea kilicho chake, maana naye alipika kwenye misiba yao miaka ishirini. Ndiyo maana anaweza kukaa pale kwenye mkeka kichwa chake kikiwa juu.

Kanisa limeongeza nguzo katika jengo hili. Wamisionari wa Afrika, White Fathers kama walivyojulikana, waliingia Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko Ukatoliki ukaenea nyandani mpaka ukawa dini ya watu wengi zaidi Ufipa. Karema ndiko alikofanya kazi Adriano Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kubaki hapo akiwatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya jimbo mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Lakini kwa maisha ya mtaani, jambo kubwa zaidi lilikuja miaka ya 1970, pale maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua kwamba uhai wa parokia uanzie kwenye jumuiya ndogo ndogo. Kaya kumi, kumi na tano, zinasali pamoja kila wiki, nyumba hii leo, ile wiki ijayo. Jumuiya inajua nani anaumwa kabla zahanati haijajua. Inajua mtoto gani hajaenda shule. Chama tawala, TANU, nacho kilikuwa na nyumba kumi zake na balozi wake tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru, kwa hiyo katika mtaa mmoja utakuta nyavu mbili zimelala moja juu ya nyingine, na mara nyingi mwenyekiti wa jumuiya na balozi ni watu walewale, au ni mtu na shemeji yake. Waislamu na Wamoravian wa mtaa huo wana nyavu zao, lakini msiba ukitokea wote wako chini ya turubai moja.

Sasa nataka kusema jambo ambalo wanaosifu umoja wa vijiji vyetu hulikwepa. Umoja huu una meno. Asiyekuja kwenye misiba ya wenzake siku moja atafiwa, na siku hiyo mtaa unaweza kumsusia. Watakuja watu wachache, watasimama mbali, kaburi litachimbwa na ndugu wa damu peke yao. Sijui adhabu kali kuliko hiyo isiyohitaji mahakama. Na kuna lililo baya zaidi. Mwaka 1963 na 1964 vijiji vya Ufipa vilipitiwa na wimbi lililoitwa Kamcape. Vijana walikwenda kijiji hadi kijiji wakitoa dawa ya kusafisha uchawi, kila mtu akitakiwa kusalimisha hirizi na dawa alizoficha. Willis alilishuhudia wimbi hilo na kuliandika. Lilikuwa tendo la kijiji kizima, lenye shauku ya kuanza upya, na waliokuwa wakinyooshewa kidole walikuwa wazee. Mikono ileile iliyoinua intumba pamoja inaweza kuelekezwa kwa bibi anayekaa peke yake, asiyechangamka, asiyeonekana kwenye kazi za wenzake. Sumbawanga imebeba sifa ya uchawi nchi nzima, watu wanaitania kwa habari za radi, na wazee wetu wamelipa gharama ya utani huo. Mtaa wenye moyo wa kweli unapimwa hapa: unamfanyia nini mtu ambaye hana tena nguvu za kurudisha? Mitaa mizuri niliyoiona ina jibu. Mzee aliyeishiwa nguvu jina lake halifutwi kwenye daftari. Anahesabiwa kwa kazi aliyokwisha kufanya, na vijana hutumwa kumlimia ua wake kabla ya mvua.

Serikali zote zilizotutawala zimelitamani deni hili. Wakoloni waliwatoa watu kulima barabara bila malipo na kuliita jambo hilo wajibu wa kabila. Baada ya Uhuru mwito ulibadilika, ukawa Uhuru na Kazi, na watu waliitika kwa moyo kwa sababu safari hii barabara ilikuwa yao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima kuizunguka redio, wasikilize habari za malaria na kuhara, kisha watoke wakachimbe vyoo. Kuanzia mwaka 2006, ilipoamuliwa kila kata iwe na sekondari yake, Rukwa kama mikoa mingine iligeuka kiwanja cha ujenzi. Wazazi walifyatua matofali, wakayachoma, wakasomba mawe ya msingi na mchanga wa mtoni kwa mikokoteni. Wanawake wakapanga mstari kutoka kisimani wakipokezana ndoo za maji ya zege. Makubaliano yalijulikana: wananchi wainue boma mpaka kwenye lenta, halmashauri ilete mbao, bati na saruji ya sakafu.

Mahali pengi neno hilo lilitimizwa. Mahali pengine bati halikuja. Boma lililofika kwenye lenta likabaki linanyeshewa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, matofali ya juu yakaanza kumeguka, na watoto wakaendelea kukaa tisini kwenye chumba cha zamani. Nadhani tumelichukulia jambo hili kirahisi mno. Boma lililoachwa si hasara ya matofali peke yake. Watu walikopesha majembe yao, na aliyekopa hakurudisha. Mwenyekiti wa mtaa akipita tena na mbiu mwaka unaofuata, watamsikiliza kwa adabu na kubaki majumbani mwao, na ofisini kutaandikwa kwamba wananchi wa eneo hilo hawana mwamko.

Likafuata suala la michango. Mwito ulipokuwa hauitikiwi tena, ikaja risiti, na baada ya risiti wakaja mgambo wa kuchukua kuku na baiskeli za wasiolipa. Watoto wakafukuzwa darasani kwa sababu ya fedha za dawati. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, na Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni Januari 2018, wazazi wengi walishusha pumzi, na walikuwa na haki. Lakini mahali fulani mtaani, kamati ambazo kwa hiari zilikuwa zinakusanya mahindi ya uji wa wanafunzi nazo zilisita, zikiogopa kuonekana zinavunja amri. Ilihitaji muda mrefu wa kuelezana tofauti kati ya kutoa na kutozwa. Mwaka 2021, fedha za mpango wa UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa miezi michache, watoto walipata pa kukaa, nami nashukuru. Ila nimewasikia wazee wakilitazama darasa jipya lenye vigae na kusema, hili ni la serikali, na kunyoosha kidole kwenye lile la matofali ya kuchoma: lile ni letu.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wako katikati ya mvutano huu. Kwa miaka mingi walikuwa mama na vijana wa mtaa wenye daftari na fulana ya mradi, wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza mjamzito amekwenda kliniki lini na nani amekatiza dawa za kifua kikuu. Walilipwa posho mradi ukiwepo. Mradi ukiisha waliendelea bila kitu, maana huwezi kumwacha mgonjwa wa jirani kwa sababu wafadhili wameondoka. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, wenye mafunzo na posho. Ni haki kabisa. Kazi ya kila siku inayookoa maisha haipaswi kuegemea huruma ya mama mwenye shamba lake la kulima. Kuna pia njia ya amri: nchi ya Rwanda imeifanya Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwa ya kazi za pamoja kwa sheria, na asiyefika anatozwa faini. Sisi nasi tuliambiwa kuanzia mwishoni mwa 2015 tufunge maduka Jumamosi kama hiyo tufanye usafi. Mitaro ilizibuliwa, kwa kweli. Hata hivyo ukilinganisha watu wanaotoka Jumamosi ya usafi na wanaotoka siku ya kuchimba kaburi, utajua mwito upi ni wa mtaa na upi umetoka ofisini.

Kinachonipa matumaini zaidi ni vijana, wale tunaowalaumu kila siku kwamba hawana utu. Waendesha bodaboda wengi wa Sumbawanga wametoka bonde la Rukwa, Nkasi, Kalambo, wengine Mbeya na Songwe. Wamepanga vyumba, hawana shamba mjini, hawana jumuiya ya kaya kumi na tano. Wamejitengenezea mtaa wao kwenye kijiwe. Kila siku kila mmoja anatoa mia tano au elfu moja, mweka hazina anaandika. Mwenzao akivunjika mguu, fedha hiyo inalipa hospitali. Akifa, pikipiki zote zinafuatana taa zikiwaka nyuma ya gari la maiti mpaka kijijini kwao, hata kama ni mwendo wa nusu siku, na wakifika hawakai vitini. Wanaomba sururu.

Tatizo ni kwamba daftari la mtaa haliwajui. Desturi ya zamani huandika kaya kwa jina la mwenye nyumba, na mpangaji huhesabiwa ndani ya kaya ya baba mwenye nyumba. Akifiwa na mtoto, turubai linafungwa kwa hisani. Akihama, hakuna aliyebaki na deni lake wala yeye hakubaki na la mtu. Katika mtaa mmoja wa zamani jambo hili lilibishaniwa mkutanoni mchana mzima. Wazee walihofu kuwaandika watu wanaokuja na kuondoka. Mama mmoja akasimama na kuuliza ni nani alichimba makaburi manne ya mwisho. Wakatajana majina, na zaidi ya nusu walikuwa wapangaji. Mwandishi akaagizwa anunue daftari jipya la kurasa nyingi, kila mlango wa chumba uwe na mstari wake, na mchango uwe uleule wa wenye nyumba.